Binti yangu ameambiwa achezeshe mdomo tu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Asubuhi nakaanga maandazi, mchana nina cherehani yangu barazani. Nakuandikia kuhusu binti yangu mkubwa, ana miaka tisa, yuko darasa la nne.

Mtaani kwetu kuna kwaya ya watoto. Si ya kanisa, ni ya mtaa, na ina watoto wa dini zote. Ila mazoezi wanafanyia kwenye ukumbi wa kanisa, maana ndio wenye kibodi na nafasi ya kutosha. Ni Jumamosi, saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni. Wanaimba nyimbo za usafi, za mazingira, za haki za watoto, na wakialikwa mahali mwezi wa kumi na mbili wanaimba za Krismasi. Sasa hivi wanajiandaa na Siku ya Mtoto wa Afrika, Juni 16.

Binti alianza kwa kumfuata mtoto wa jirani, akikaa kwenye benchi anatazama. Baadaye mwalimu akamwambia aingie mstarini. Akapenda, Shangazi. Akiosha vyombo anaimba, akienda dukani anaimba. Sasa ameletewa fomu ya kujiunga rasmi. Kiingilio shilingi elfu kumi, sare elfu thelathini, na mzazi au mlezi asaini.

Hapo ndipo nilipokwama. Mume wangu ni Mrangi wa Kondoa, dereva wa lori. Mimi ni Mgogo wa Mvumi, nimekulia kanisani, nikasilimu tulipooana. Nilipomweleza habari ya kwaya alisema, "Madrasa anakwenda, kaswida anaimba, kwaya ya nini tena? Au ndio mnamrudisha kwa bibi yake taratibu?" Hakukataa, alisema ataangalia akirudi safari. Anarudi mwisho wa wiki.

Sasa Jumamosi iliyopita nilikwenda kumchukua mapema, nikasimama mlangoni. Mwalimu ni kijana, ana sauti nzuri nzito ya besi. Akaanzisha wimbo, watoto wakapokea, na wangu yuko mstari wa nyuma karibu na ukuta. Nilimsikia. Kweli anatoka nje ya sauti ya wenzake. Wenzake wako juu, yeye yuko chini kama mtu anayeongea. Mwalimu akasimamisha wimbo, akamnyooshea kidole: "Wewe mrefu wa nyuma, siku ya shughuli chezesha mdomo tu, usitoe sauti." Watoto wakacheka, na yeye akacheka. Njiani hakusema neno. Nikajua ndio basi tena, lakini kesho yake asubuhi ananiuliza, "Mama, sare yangu utashona lini?"

Kinachonichanganya, madrasa ustadhi wake anamsifu. Kwenye Maulidi ndiye aliyewaanzishia wenzake kaswida na hakuteleza hata mara moja. Sasa je, mtoto huyu hana sauti au anayo? Nisaini fomu kabla baba yake hajarudi, maana inataka saini ya mzazi mmoja tu? Na mwaka huu ana mtihani wa upimaji mwezi wa kumi, nisije nikalaumiwa. Nisaidie Shangazi.

Mama wa Nkuhungu

Marahaba mwanangu.

Swali la kama mtoto ana sauti umelijibu mwenyewe uliposema habari ya Maulidi. Mtoto ambaye kweli hawezi kutofautisha sauti ya juu na ya chini hawezi kuanzisha kaswida, wenzake wakampokea, na ustadhi akaridhika. Watu wa namna hiyo wapo lakini ni wachache mno, na huteleza kila mahali, hawachagui ukumbi. Wako anateleza kwenye kwaya tu. Basi tuangalie kuna nini kwenye kwaya ambacho madrasa hakipo.

Kaswida aliianzisha yeye. Alichukua sauti pale palipomkaa vizuri, wenzake wakamfuata. Kwenye kwaya ufunguo wa wimbo, yaani sauti uanzie juu au chini kiasi gani, umeshawekwa kwenye kibodi, na anayeanzisha ni mwanamume mwenye besi. Mwanamume akiimba wimbo uleule, sauti yake iko chini ya ya watoto kwa ngazi nzima, do mpaka do. Watoto waliozoea wamejifunza kuurukia wimbo juu yake bila hata kujua kwamba wanaruka. Mgeni hajui. Mgeni anajitahidi kufanya kile hasa anachokisikia, anashuka kumfuata mwalimu kule chini, na kule mtoto wa miaka tisa hana sauti ya kuimbia, ana ya kuongelea tu. Ndiyo maana ukamsikia kama mtu anayeongea. Kwa hiyo sikio analo, tena linamsikiliza mwalimu kuliko mwalimu anavyomsikiliza yeye.

Wanaofundisha uimbaji husema sauti ya kifua na sauti ya kichwa. Ya kifua ndiyo tunayoitana nayo sokoni, ya kichwa ni ile nyembamba ya juu. Kwenu Ugogo hilo si geni. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alisifika mpaka Ulaya kwa kuanzia chini kama ngurumo na kupanda mpaka ungedhani ni mtu mwingine ameingia. Binti yako hajaupata mlango wa kutokea kifuani kwenda kichwani, basi. Wengi wanaupata wakionyeshwa kwa upole.

Mjaribu nyumbani leo. Mwambie asimame mwisho wa uwanja akuite, "Mamaaa!", aivute ile a. Utaisikia sauti inapanda yenyewe. Hapohapo mwambie abaki nayo, aimbe neno moja la wimbo kwa sauti hiyohiyo. Au aigize king'ora cha gari la wagonjwa, apande polepole, ashuke polepole. Watoto hucheka sana kwenye hili, na mtoto anayecheka koo lake limelegea. Kisha aanzishe yeye wimbo wa kwaya popote apendapo, wewe umfuate alipo. Mkizoeana, wewe anza juu kidogo, naye akufuate. Sauti yako ya kike itamsaidia kuliko besi ya yule kijana, kwa sababu iko karibu na ya kwake. Dakika chache wakati wa kuosha vyombo zinatosha, usimfanyie darasa.

Jambo moja la pembeni: kama huwa anauliza "eti?" mara kwa mara, au amewahi kutokwa usaha masikioni, mpeleke akapimwe. Sipendi kumtisha mtu, lakini wako watoto wanaoitwa wabishi na wasio na sauti, kumbe sikio limeziba.

Sasa tumzungumzie mwalimu. "Chezesha mdomo" ni ugonjwa wa zamani kwenye kwaya zetu, na unazidi shughuli inapokaribia. Kuna watu wazima leo hata kwenye harusi ya mtoto wao hawafungui kinywa, kwa sababu mtu aliwaambia hivyo wakiwa darasa la tatu. Hata hivyo nisingemhukumu kwa sentensi moja aliyoitamka jioni, ana kundi zima la watoto mbele yake na tarehe imemkaba. Ningemhukumu kwa atakavyokujibu.

Nenda Jumamosi kabla mazoezi hayajaanza, umkute peke yake. Mwite mwalimu, msalimie, mshukuru kwa kazi yake, maana wengi wao hawalipwi kitu. Halafu mwombe mambo mawili. La kwanza, binti atoke ukutani nyuma, awekwe katikati ya watoto wawili wanaoshika sauti vizuri, mmoja kila upande. Pale nyuma alikuwa anasikia ukuta na sauti yake mwenyewe, atajirekebishaje? La pili, wimbo ukianzishwa, sauti itolewe na mtoto mmoja anayejua au na mama yeyote aliyepo, yeye mwalimu apokee baadaye. Havina gharama hivyo. Akisema, "Haya mama, tujaribu," umepata mwalimu hata kama ana ulimi mkali. Akikujibu kwamba watoto wa hivyo wanamharibia shughuli, funga mkoba wako uondoke na mtoto, na ile elfu kumi ukanunulie ngano.

Akikubali, usiondoke mara tu baada ya maongezi. Kaa kwenye benchi mazoezi yote mpaka mwisho. Sikiliza anasema "pazeni sauti" mara ngapi. Ukiona mishipa ya shingo imewatoka watoto, wanapiga kelele, hawaimbi. Mtoto akirudi nyumbani sauti imekauka kila Jumamosi, hiyo ni dalili mbaya, na ukavu ukikaa wiki mbili tatu bila kupona, muone daktari. Hapa kwetu kiangazi na vumbi lake ndio vinaingia, koo linakauka hata kwa asiyeimba. Apewe chupa ya maji aende nayo. Mayai mabichi usimpe, hata wakikwambia waimbaji wakubwa wote wanakunywa. Chakula hakipiti kwenye nyuzi za sauti, na yai bichi linaweza kumharisha usiku kucha.

Ukiwa hapo benchini tazama pia mambo ambayo si ya muziki. Je, kuna mtu mzima wa pili, au ni kijana peke yake na watoto? Pawe na wawili, na mmoja wao ningependa awe mwanamke. Mtoto asiitwe peke yake kwa mwalimu kwa "mazoezi ya ziada", hata mwalimu awe mwema kama malaika. Mwambie binti hilo kwa maneno mepesi, na umfundishe namba 116 ya simu ya mtoto, haina malipo. Halafu kurudi. Saa kumi na mbili wanapomaliza giza liko jirani, na nimeona kwa macho yangu bodaboda wakiwapakia watoto wa mazoezi mishikaki, watatu mpaka wanne, dereva kakalia tangi. Kubaliana na mama wa jirani mpokezane kuwafuata kwa miguu.

Na uulize shughuli. Tangu Serikali ihamie hapa, Dodoma haikosi mgeni rasmi, leo Mtumba kwenye ofisi za wizara, kesho katikati ya mji, na kila mwenye hafla anataka watoto wa kupamba. Kuimba mbele za watu ni raha, sikatai. Tatizo ni mtoto kutolewa darasani siku ya Jumanne, akasimamishwa juani tangu saa mbili kumsubiri mgeni anayefika saa sita, bila maji. Uliza wanakubali shughuli ngapi za siku za shule, nani anaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, wanakula nini. Uliza na habari ya kutuzwa. Watoto wakiimba vizuri watu wazima huinuka na noti zao, kapu linajaa, nderemo. Lile kapu linakwenda wapi? Kwaya yenye mweka hazina na daftari itakuonyesha bila kununa. Wakinuna, umeshajua.

Hilo la mtihani lisikukoseshe usingizi. Saa tatu za Jumamosi alasiri hazimfelishi mtoto wa darasa la nne. Kinachofelisha ni zile Jumanne nilizosema. Mwambie mwalimu mapema kwamba Oktoba binti atapumzika mpaka amalize upimaji, kwaya yenye akili itaelewa. Na atakayekulaumu, mkumbushe kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka kucheza na kupumzika pamoja na chakula, mavazi na elimu katika yale ambayo mtoto anapaswa kupata kwa mzazi.

Nakuja kwa baba yake, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Usisaini kabla hajarudi. Fomu inataka saini moja, sawa, lakini ndoa yenu haiendeshwi na fomu. Ameshakwambia kinachomsumbua: anaogopa kwaya ni njia ya kumrudisha mtoto kwenye dini ya kwenu. Ukisaini kimyakimya, halafu Juni 16 akaona picha ya binti kwenye simu ya dereva mwenzake, utakuwa umemthibitishia hofu yake kwa mkono wako, na hata ukimwapia kwamba zilikuwa nyimbo za kupanda miti hatakuamini.

Tena hofu yake haina ujinga ndani yake. Ukumbi ni wa kanisa, za Krismasi zimo, wewe umekulia humo. Mume kuuliza ni haki yake, na nimependa kwamba aliuliza badala ya kufoka. Mpe majibu ya kushika mkononi. Mwombe katibu wa kwaya orodha ya nyimbo za mwaka, uinakili kwenye karatasi. Akirudi, mwache aoge, ale, apumzike. Usimrukie na fomu mlangoni. Kisha mkae muipitie wimbo kwa wimbo. Zile asizoridhika nazo, mwambie mwalimu kwamba binti atakaa pembeni zikiimbwa. Katika kwaya yenye watoto wa dini zote hilo lilipaswa kuwa limeshazoeleka, na kama mwalimu anashangaa kuombwa, basi si kwaya ya mtaa kama wanavyojinadi. Ratiba ya madrasa nayo iwe wazi: kwaya isiile hata siku moja ya chuo.

Habari ya kuchezesha mdomo mwambie pia. Najua unaona ukimwambia atapata sababu ya kukataa. Mimi nadhani itakuwa kinyume. Baba akisikia binti yake, anayeongoza kaswida kwenye Maulidi, kaambiwa hana sauti mbele ya watoto wa watu, hatazungumzia dini tena usiku huo. Atataka kwenda kumuona huyo mwalimu. Mwache aende, ila mtangulie wewe na yale maongezi ya upole. Na akienda, akae benchini asikilize, akipenda aende na binti mkono kwa mkono. Uamuzi atakaoutoa baada ya kusikiliza kwa masikio yake, uwe ndiyo au hapana, utakaa. Ikiwa ni hapana, usigeuze nyumba uwanja wa vita. Mtoto ana kaswida, ana kwaya ya shule, na likizo ya Juni mpelekeni Mvumi kwa bibi akakae na wanawake wa muheme, ile ngoma ya Kigogo. Pale wanaimba sauti juu ya sauti bila karatasi wala kibodi, na mtoto hujifunza kuishika yake huku ya mwenzake ikimpita sikioni. Baba asipate shaka, ile ni ngoma ya ukoo.

Na binti mwenyewe mmuulize, asisikie uamuzi kupitia mlangoni. Kicheko chake pale mstarini usikichukulie kwamba hakuumia, wala ule ukimya wa njiani usiuchukulie kwamba ameacha. Kesho yake kaulizia sare. Mimi ningeanzia hapo: "Bado unaitaka kwaya, hata kama itabidi tujifunze kwanza?" Mwache ajibu polepole.

Sare yenyewe usilipe hiyo elfu thelathini. Una cherehani barazani, mwombe katibu akuuzie kitambaa tu ushone mwenyewe. Kabla ya kukata, uliza kama sketi inaweza kushuka mpaka kwenye vifundo na kama binti ataruhusiwa ushungi wa kitambaa hichohicho, na jibu la maswali hayo mawili mpelekee baba yake pamoja na ile orodha ya nyimbo. Wakikubali, kata ya ushungi kwanza kitambaa kisije kikapungua, na pindo la sketi liache pana, maana mwalimu keshasema ni mrefu na mwakani atakuwa amezidi.

Shangazi